Mwanangu, Kabla Hujaripoti Monduli

Kidia, Old Moshi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako ambalo limerudia ugonjwa wake tangu mvua za vuli zilipoanza, na tunaamini kwamba nawe huko Dodoma u mzima. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu "ndiyo baba" huku ukifanya jambo lingine, na hili nisingependa ulisikie nusunusu.

Shangazi yako mkubwa amenieleza kwamba umechaguliwa kuingia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Alinieleza mlangoni mwa kanisa Jumapili iliyopita, mbele ya watu, akiamini kwamba habari ninazo, nami nikamwitikia kama mtu anayezo. Jambo la kumwambia shangazi kabla ya baba sitalizungumza zaidi ya hapo. Ninalo swali moja tu, na nitakusumbua nalo mpaka ulijibu: bibi yako alijua?

Nauliza kwa sababu wewe ndiye uliyekaa naye Pasaka yote, na kufika Julai tulikuwa tumekwisha kumzika. Tena nauliza kwa sababu shangazi yako, ambaye siku hizi ndiye gazeti langu, ameongeza kwamba Alhamisi Kuu alasiri alipita hapa akaona beseni la bluu barazani, sakafu imelowa, taulo la bibi yako limeanikwa juu ya mti wa kahawa, nanyi wawili mmekaa bila kusema neno. Mimi siku hiyo nilikuwa Kiboriloni nikitafuta mabati. Je, alikuosha miguu? Na kama alikuosha, ulikuwa umekwisha kumwambia habari za Monduli, au ulinyamaza ukamwacha aoshe miguu ya mtu asiyejua anakokwenda?

Usidhani nina hasira. Kuchaguliwa kati ya vijana wengi kiasi kile si jambo dogo, na majirani watakapokuja kunipongeza nitawakaribisha chai na nitakaa wima kwenye kiti. Lakini hujui beseni lile lina uzito gani, kwa kuwa hakuna aliyekueleza, na wasifu uliosomwa siku ya mazishi haukukusaidia. Aliyeuandaa hakuwa na nia mbaya. Alisema kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1938 mkoani Mara, akaolewa, akajaliwa watoto watano, akafanya kazi hospitali ya KCMC, akawa mshiriki mwaminifu katika umoja wa wanawake wa usharika, akalala. Waombolezaji waliondoka wakijua kwamba wamemzika Mlutheri wa kuzaliwa. Wewe unalibeba jina lake, kama desturi ya huku inavyotaka kwa binti wa kwanza, na haifai wasifu ule uwe ndio yote unayoyajua. Mambo ya miaka yake ya uzee unayajua kuliko mimi, kwa hiyo nitakwenda kwenye yale ambayo hukuwepo.

Alizaliwa Shirati, kwa Wajaluo wa Rorya, kando ya Ziwa Victoria, miaka minne baada ya wamisionari wa Kimennonite kutoka Pennsylvania kufungua hapo kituo chao cha kwanza mwaka 1934. Wamennonite wamechukua jina la Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536 akajiunga na watu waliokuwa wakisakwa kwa kosa la kubatizana wakiwa watu wazima. Watu hao walishika mambo machache kwa nguvu sana: kwamba mtu hubatizwa baada ya kuamua mwenyewe, kwamba mwanafunzi wa Kristo hashiki silaha, kwamba haapi, na kwamba waumini huoshana miguu kama ilivyoandikwa katika Yohana 13, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Wazazi wa bibi yako waliyapokea hayo yote pamoja na kofia nyeupe za wanawake, ambazo bibi yako alikiri kwamba alizichukia kwa sababu ya joto la ziwani.

Mwaka 1942 uliingia uamsho Shirati. Watu walisimama kanisani wakakiri wizi, chuki na uzinzi, Waafrika na Wazungu pamoja, na waliokuwa na vitu vya watu wakavirudisha. Baba yake, aliyekuwa mvuvi, aliubeba wavu ambao haukuwa wake akatembea nao hadi kijiji cha jirani, na mwenye wavu akamwambia kwamba alikwisha kuusahau. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na msimu ule familia ikala samaki wa kupewa. Bibi yako alikuwa mdogo mno kuweza kuyakumbuka mwenyewe, lakini aliyasimulia kama mtu aliyekuwepo, na kila mara alimalizia kwa kulalamika kwamba baba yake angeweza kurudisha wavu baada ya msimu.

Baadaye kidogo kaka yake mkubwa aliingia KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, akapelekwa Burma. Sijui kama alilazimishwa au alikwenda mwenyewe, kwa maana nyumbani kwao halikuzungumzwa. Aliporudi alikuja na koti zito la jeshi, na mama yao, badala ya kulitupa au kulitunza, alilikata akawashonea wadogo zake vijikoti viwili. Kimoja alikivaa bibi yako. Nakuandikia hili ili usinifikirie kwamba nakuletea habari ya malaika waliokuwa mbali na bunduki. Mara ni mkoa uliotoa askari wengi tangu enzi za Waingereza, na watoto wa Wamennonite wa huko wako jeshini hata leo. Bibi yako alikulia humo humo, katikati ya mahubiri ya kutoshika silaha na kaka aliyezishika.

Alipokuwa msichana aliingia kazi ya kuhudumia wagonjwa wa ukoma pale Shirati. Dawa ya dapsone ilikuwa imekwisha kufika, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitulia, lakini miguu iliyokwisha kufa ganzi haikurudi kuhisi. Mgonjwa angeweza kutembea kutwa na mwiba ndani ya unyayo asiujue. Kazi ya bibi yako ilikuwa kuloweka miguu ile katika maji, kuikwangua ngozi ngumu pembezoni mwa kidonda bila kuumiza, kutafuta miiba na vijiwe kwa ncha za vidole, kuikausha katikati ya vidole, kisha kupaka mafuta ili maji yasitoroke kwenye ngozi. Umewahi kumwona akiosha miguu yake mwenyewe jioni, jinsi alivyoigeuza kuelekea kwenye mwanga na kupitisha kidole gumba chini ya kisigino. Ule haukuwa uzee. Ilikuwa kazi ya Shirati, na ndiyo maana kwake kuosha miguu hakukuwa ibada ya mara moja kwa mwaka tu; alikuwa akikagua kama kuna kitu kimekuchoma nawe hujui.

Babu yako alikuwa bwana shamba, akapangiwa kazi upande ule wa ziwa, na jinsi walivyokutana mmesimuliwa mpaka mmechoka. Alimleta huku Kidia, mwanamke wa Kijaluo asiyejua kukata majani ya ng'ombe mgombani, katika ukoo ambao Ulutheri na mbege, pombe yetu ya ndizi, vilikaa meza moja bila kugombana. Bibi yako hakunywa mbege hata siku moja. Wazee walipompa kata aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa aliyeketi pembeni yake, na kwa miaka mingi watu walipenda kuketi pembeni yake. Siku ya mazishi mbege ilikuwepo. Niliwaambia wazee mapema isiwepo, na sauti yangu katika kikao kile unaijua ilivyo.

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa ubatizo. Shangazi yako alipozaliwa, babu yako alitaka abatizwe mchanga kama watoto wote wa Kidia, na bibi yako, aliyefundishwa kwamba watu walitupwa mtoni kwa kukataa hilo, hakugombana. Alimvika mtoto, akaketi mstari wa mbele, akanyamaza. Ila sisi sote watano tulipofika kipaimara, kila mmoja kwa wakati wake, alituita jikoni usiku wa kuamkia siku ile, akafunga mlango, akauliza, "Umeamua mwenyewe?" Kaka yangu mdogo alijibu kwamba suruali imekwisha kushonwa. Bibi yako alimwambia kwamba suruali inaweza kungoja, na kaka yangu akangoja mwaka mzima, jambo ambalo babu yako alilichukulia kama aibu ya ukoo.

Kwa hiyo elewa ninavyobabaika, mwanangu. Ungemwambia kwamba unakwenda Monduli, nusu yake ingesema kwamba hakuna mtoto wake anayepaswa kujifunza kuua, na nusu nyingine ingeuliza kama umeamua mwenyewe, na kama umeamua, ingekuacha. Sijui ni nusu ipi iliyokuwa barazani Alhamisi ile. Wewe unajua. Je, alikuuliza? Ulijibu nini?

Sasa nifike kwenye beseni. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, mjomba wangu aliyekuwa askari alirudi kutoka Uganda akapitia hapa kabla ya kwenda Shirati. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilitaka kumsikia akisimulia habari za Kampala, ambayo ilikuwa imetekwa Aprili. Alikaa sebuleni na buti zake. Mama hakumuuliza lolote. Aliingia jikoni, akatoka na beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akaanza kufungua kamba za buti, na mjomba akamshika mkono kumzuia, kwa sababu alijua taratibu za kanisa lao kwamba dada haoshi miguu ya kaka. Mama aliuondoa ule mkono taratibu kama anavyoondoa kuku juu ya meza. Soksi zilikuwa zimeshikana na ngozi, ikabidi aziloweshe kwanza. Alimwosha, akakausha katikati ya vidole, akapitisha kidole gumba chini ya visigino, kushoto kisha kulia, kwa muda mrefu. Mjomba, mtu mrefu kuliko mlango ule, aligeuza uso ukutani. Kisha mama akaenda kumwaga maji, akapika ugali, na vita havikutajwa tena nyumbani mwetu.

Miaka saba baadaye mimi nilirudi kutoka Oljoro. Wakati wetu kila aliyemaliza kidato cha sita alikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, hakuna aliyeulizwa, na mimi sikuchukia. Nilipenda gwaride, nilipenda shabaha, na nilikuwa mzuri. Nilirudi nimekonda na mweusi, nikaketi kwenye kiti kile kile alichoketi mjomba, nikangoja. Mama alinikaribisha vizuri, akaniletea mtori, akaketi mbele yangu. Beseni halikuja. Ile picha yangu ya Oljoro ambayo umekuwa ukiiulizia haikupotea. Imo ndani ya kitabu cha nyimbo cha babu yako, mahali ambapo bibi yako hakuwa na sababu ya kupafungua.

Badala ya beseni alinipa kisa, na nitakupa kama alivyonipa. Mwaka 1569, huko Uholanzi, mtu mmoja jina lake Dirk Willems alitoroka kifungoni, alikowekwa kwa sababu alibatizwa akiwa mtu mzima na kuruhusu wengine wabatizwe nyumbani kwake. Akakimbia juu ya maji yaliyoganda. Mimi nilimwambia mama kwamba sielewi mtu anakimbiaje juu ya maji, naye akaelekeza kidole dirishani, juu, kilele cha Kibo, akasema barafu kama ile lakini imelala bondeni, nyembamba. Dirk alikuwa amekonda kwa chakula cha kifungoni, barafu ikambeba. Aliyemfukuza alikuwa mzito, barafu ikakatika, akazama. Dirk akasikia kelele, akageuka, akarudi, akamvuta mpaka akamtoa. Yule aliyeokolewa alitaka kumwachia aende zake. Lakini meya wa mji alikuwa amesimama ng'ambo, mahali pakavu, akampigia kelele kwamba akumbuke kiapo chake. Basi akamkamata mtu aliyemwokoa, na Dirk akachomwa moto.

Kijana yeyote angesema kwamba kisa hicho kinamhusu Dirk, na mimi nilisema hivyo hivyo. Mama akaniambia kwamba watu kama Dirk ni wachache na hanitegemei niwe mmoja wao. Alitaka nimtazame yule wa ng'ambo. Mwenye kuzama alikwisha kuelewa, moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka ndani ya maji, na angefanya haki kama asingekuwepo mtu mwenye cheo wa kumkumbusha kiapo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikaona kwamba hayanihusu, kwa kuwa mimi nilikuwa kuruta wa mwaka mmoja na sikuwa na wa kumkumbusha kitu chochote.

Wewe utakuwa naye. JKT ulikwenda kwa mujibu wa sheria kama mimi, lakini Monduli ni kwa hiari yako, na Monduli hakumfundishi mtu kufyatua risasi tu. Kunamfundisha kusimama ng'ambo na kuwaambia wengine. Ukitoka pale utakuwa na nyota begani na watu chini yako, wengine wakubwa kwa umri kuliko wewe, na siku moja, Mungu aepushe, mmoja wao atakuwa amemwona mtu aliyepaswa kumkamata akimfanyia wema, naye atakutazama wewe usoni. Utamwambia nini? Hilo ndilo nililotaka bibi yako akuulize, kwa sababu mimi sikulijibu nilipoulizwa, na sasa sina cheo cha kukuuliza.

Usidhani kwamba tunalidharau jeshi letu. Babu yako aliliheshimu tangu lilipoundwa Septemba 1, 1964, baada ya yale maasi ya Januari mwaka ule kuwaonyesha wazee wetu askari asiye na malezi anaweza kufanya nini. Bibi yako naye hakulichukia. Desemba 2017, askari wetu waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walipouawa Kongo, alizima redio akakaa nje mpaka giza likaingia, na aliporudi ndani alisema kila mmoja wao ana mama aliyemkagua visigino. Kanisa lake la asili lilikuwa na njia nyingine: huko Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kimennonite waliokataa silaha walipewa utumishi wa namna nyingine, wakapanda miti, wakazima moto wa misitu, wakahudumia wagonjwa wa akili hospitalini. Bibi yako aliwajua wamisionari waliotoka katika jamii hiyo. Lakini pia alijua kwamba sisi hapa hatukupewa mlango huo, na hakuwahi kumhukumu mtu kwa kupita katika mlango uliopo.

Kuhusu kiapo nitakuambia jambo moja, kisha niliache. Aliitwa mahakama ya mwanzo kuwa shahidi katika ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, na majirani wa chini. Karani alimpa Biblia aishike aape. Alisema kitabu chenyewe kinamkataza, Mathayo 5, na kwamba ndiyo yake itakuwa ndiyo. Watu wakacheka, babu yako akatazama viatu vyake, lakini hakimu akamruhusu kuthibitisha bila kuapa, akatoa ushahidi uliotuumiza sisi wenyewe, kwani alisema mti wa mpaka ulikuwa umesogezwa na ukoo wetu. Tulipoteza migomba kadhaa na urafiki wa baba zako wakubwa kwa miaka mingi. Wewe utaapa. Sikukatazi, na sheria ni sheria. Nataka tu ujue unaapa mbele ya jina la nani ulilolibeba.

Sasa mengine ya kawaida. Usinywe, kwa sababu hata kama wenzako wote wanakunywa, mwili wako ni wa bibi yako, hautavumilia. Usikopeshe mshahara wa kwanza. Soksi nunua za pamba, nyingi, ubadilishe kila siku, na ukague miguu yako kila jioni hata kama umechoka kiasi gani. Wengi wanaorudishwa nyumbani kutoka mafunzo magumu hawarudishwi na moyo, wanarudishwa na malengelenge. Usiwe mkali kwa waliopo chini yako ili kuonyesha kwamba mwanamke naye anaweza. Mwalimu wako wa sekondari alinipigia simu kukusifu kwa ukali wako ulipokuwa kiongozi wa bweni, na mimi nilifurahi siku ile kuliko nilivyopaswa.

Hapa nyumbani fundi ameweka vigae juu ya kaburi, vyeupe, kama tulivyokubaliana, ila ameviweka vikiwa na mteremko mbaya na maji yanatuama upande wa kichwani. Nimemwambia arudi, hajarudi, na fedha alikwisha kuchukua zote kwa sababu mdogo wako alimpa bila kuniuliza. Turubai na viti vya msiba vimelipwa. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo mama yako hana raha. Lile blanketi la viraka ambalo bibi yako alifundishwa kulishona na wake wa wamisionari, shangazi yako mdogo anasema aliahidiwa yeye, na shangazi yako mkubwa anasema aliahidiwa yeye, na mimi nimelifungia kabatini mpaka mmoja wao achoke. Cherehani ni yako, hilo lina ushahidi, ameliandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya dawa. Niambie kama naweza kumwazima jirani kwa sare za shule za Januari, au unataka ifunikwe.

Nimesikia pia kwamba umemwomba mdogo wako akutumie kwa basi cheti chako halisi cha kuzaliwa na vyeti vya shule, na kwamba ulimtaka asinisumbue. Nimeangalia njia. Kutoka Dodoma unapita Kondoa, Babati, Makuyuni, na njia panda ya Monduli iko kabla ya kufika Arusha, maana yake unaweza kuripoti bila hata kuiona Moshi. Vyeti vyote viko katika bahasha ya kaki chini ya nguo zangu, na mdogo wako hana ufunguo wa kabati. Kwa basi sivitumi, kwa sababu mizigo hupotea. Panga uje angalau usiku mmoja, ulale chumba cha bibi yako, ule, unijibu swali langu ana kwa ana au ukishindwa uniandikie na uiache barua mezani, kisha asubuhi nitakusindikiza mwenyewe hadi stendi ya Moshi upande gari la Arusha.

Njoo kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi, maana Jumamosi hiyo tuna kikao cha ukoo na sitakuwepo nyumbani mpaka usiku.

Mama yako anakusalimu na anasema ulete karanga za Dodoma.

Ni mimi baba yako.